Barua Iliyokwenda Lionja

Siku zote Harithi alipofika Ruangwa, Semeni alimpokea kofia ya pikipiki kabla hata ya kumsalimia. Aliifuta vumbi kwa ncha ya kanga yake, akaitundika kwenye msumari wa mlango, ndipo akamwambia pole na safari. Wenye nyumba aliyopanga walikuwa wameshazoea, wakawa wanamtania kwamba anampenda yule mwanamume kuanzia kichwani kwenda chini.

Jumamosi ile hakuipokea. Alibaki amekaa kwenye kigoda barazani, miguu kainyoosha, ungo wa kisamvu mapajani, akaendelea kuchambua majani.

Harithi alisimama na kofia mkononi, hajui aiweke wapi.

Alikuwa ametoka Kilimarondo, mwisho kabisa wa wilaya ya Nachingwea, alikopangiwa kazi ya ubwana shamba baada ya kutoka kwao Tabora. Vumbi jekundu lilikuwa limemjaa hadi kwenye kope. Wiki nzima tembo walikuwa wakishuka kwenye mashamba, naye alikuwa akishinda na kukesha na wakulima wake, wakipiga madebe na kuchoma pilipili ili kuwafukuza. Semeni alimtazama mara moja tu, akaona jinsi alivyokonda na macho yalivyomwiva. Moyo ukataka kuinuka. Akaukalisha chini.

"Pole," alimwambia.

"Nimeshapoa. Pole na wewe."

"Mimi sina pole. Mimi nimechoka tu."

Na kweli alikuwa amechoka. Hakuwa na hasira tena. Ilikuwa imemwisha tangu Jumatano, siku mjomba wake alipotuma maneno. Mjomba Bwanali wa Mandawa, kaka wa marehemu mama yake, ndiye aliyemlea tangu hajaota meno ya pili. Alimsomesha kwa ufuta na korosho hadi akawa mwalimu wa shule ya msingi. Jumatano hiyo alikuwa ghalani, katika foleni ya kupima ufuta, mtu mmoja wa Lionja akampa hongera ya kuoza. Akauliza, kuoza nani? Akaambiwa, si binti yenu Semeni, mbona barua ya posa ya bwana shamba wake imeshapokelewa na baba yake, wageni wamekula kuku, wameondoka wanacheka.

Mjomba aliacha ufuta wake kwenye foleni, akarudi nyumbani kwa miguu. Jioni mkewe, Bi Kulthumu, akapiga simu kumweleza Semeni alichosema mumewe: kuanzia leo asiitwe kwenye jambo lolote la Semeni, la heri wala la shari.

Harithi hakuwa na haja ya kuelezwa uzito wa maneno hayo, maana sasa alishaelezwa na kila mtu. Kwa Wamwera mtoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye kauli juu yake ni kaka wa mama. Baba anaheshimiwa, anapewa chake, lakini mlango wa posa hauko kwake. Na baba mwenyewe, Mzee Lukman, aliondoka Semeni akiwa bado mdogo, akaoa Lionja, akakaa huko kama mtu ambaye hakuwahi kuwa na mtoto kwingine.

"Leo nakwenda Mandawa," Semeni alisema bila kuinua macho. "Nakwenda kumwambia mjomba kwamba barua itarudishwa na mambo yameishia hapo."

"Mambo gani yameishia?"

"Yetu."

Alilisema neno hilo kwa sauti ndogo, ya mtu anayeshusha ndoo ambayo ameibeba mbali mno. Harithi akakaa kwenye ngazi, kofia katikati ya magoti.

Mama mwenye nyumba akapita mara mbili na ufagio katika uwanja ambao tayari ulikuwa safi. Ndipo Harithi akaanza kueleza, kama alivyokwishaeleza kwenye simu, kwamba hakukusudia. Alitaka kufanya mambo sawasawa. Hakutaka aonekane mgeni asiyejua mila za watu, ndiyo maana aliuliza.

"Uliuliza wapi?"

Alikuwa anajua. Alitaka tu kulisikia jibu kinywani mwa Harithi.

"Niliiuliza akili mnemba," alisema.

Semeni akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. Yeye mwenyewe aliitumia ile programu kila wiki. Ilimtungia maswali ya majaribio, na siku moja ilimwonyesha jinsi ya kufundisha sehemu za namba kwa vipande vya muhogo hadi darasa zima likaelewa, likaomba muhogo wenyewe. Harithi naye ilimfaa sana. Mkulima akimletea jani lenye madoa, alilipiga picha, akaeleza hali ya hewa na umri wa mche, akapata pa kuanzia. Ilimsomea taarifa ndefu za Kiingereza na kumpa kiini chake kwa Kiswahili safi. Lakini pia alikuwa akijua kasoro zake. Mara ya kwanza alipopelekwa Mandawa kutambulishwa, alimwamkia mjomba kwa Kimwera alichopewa na simu, na mjomba akamsikiliza kwa adabu, kisha akamuuliza Semeni kwa Kiswahili kama mwenzake ni mtu wa Msumbiji. Walicheka siku ile hadi Bi Kulthumu akamwaga chai.

"Ilete," Semeni alisema, akafuta mikono. Akapewa simu.

Aliandika swali lenyewe, bila kulipamba: kwa Wamwera, barua ya posa inapelekwa kwa nani? Jibu lilikuja haraka, limepangwa vizuri, hatua kwa hatua: inapelekwa kwa baba wa binti, na kama hayupo, kwa baba mdogo. Akaandika: si kwa mjomba? Ikaomba radhi, ikamsifu kwa swali zuri, ikasema ni kweli, mjomba ndiye mwenye kauli. Akaandika: nasikia ni kwa bibi. Ikaomba radhi tena, ikamweleza heshima ya bibi katika posa kwa aya mbili nzuri mno, zenye upole, ambazo mtu yeyote angeziamini.

Alimwonyesha Harithi. Harithi akasoma, akapitisha kiganja usoni.

"Inanikubalia kila ninachosema," Semeni alisema. "Na sauti yake ni ileile. Ikijua na isipojua, huoni tofauti."

Kisha akaandika swali la mwisho: haya unayajua kweli? Safari hii jibu lilikuwa fupi. Programu ilisema kwamba maandishi kuhusu mila za Wamwera katika yale iliyojifunzia ni machache, kwamba inaweza kuwa imechanganya na desturi za watu wengine, na kwamba ingekuwa vyema aulize wazee wa familia inayohusika.

Harithi akalisoma jibu lile mara mbili.

"Mbona mimi haikuniambia hivi?"

"Hukuiuliza." Semeni akamrudishia simu. "Na mimi hukuniuliza."

Hapo ndipo palipokuwa na kidonda, na wote wawili walijua. Harithi akainamisha kichwa. Sauti yake ilipotoka ilikuwa imekwaruza kwa vumbi na kukosa usingizi.

"Niliiambia baba yako yu hai, yupo Lionja. Mjomba sikumtaja. Niliona jambo la mjomba ni la malezi, na la posa ni la baba. Kwetu ni hivyo." Akaigeuza kofia mikononi. "Halafu kulikuwa na jambo lingine. Uliniambia siku ile, tukitoka kwenye harusi ya rafiki yako, kwamba hujui baba yako anachekaje. Nikasema moyoni, huyu nitamrudishia baba yake. Nilitaka siku ya harusi umwone amekaa mbele."

Semeni alifumba macho. Alikuwa amesahau kama aliwahi kusema maneno yale. Mtu wa kuyaweka maneno yako kiasi kile unamfanya nini? Unamfukuza vipi?

"Baba hajapotea, Harithi," alisema taratibu. "Yupo Lionja. Njia anaijua."

Harithi aliirudisha simu mfukoni.

"Unajua kinachonichosha? Si hiyo simu. Simu haina kosa, imesema ilichokisoma. Kinachonichosha ni kwamba tangu nikujue sijawahi kukusikia ukisema hujui. Mkulima akikuuliza, una jibu. Mwalimu mkuu wangu akikuuliza habari za mvua, una jibu. Nilikuuliza unanipendea nini, ukaniambia kwanza hiki, pili hiki, tatu kile, kama unasoma taarifa ya mkoa."

"Ulicheka siku ile."

"Nilicheka kwa sababu nilikupenda. Bado." Akasimama, akakung'uta vipande vya majani kwenye kanga. "Lakini siwezi kumpoteza mjomba. Nikimpoteza yule, mimi ni wa nani?"

Harithi naye akainuka. Hakumwomba abadilishe neno. Aliomba jambo moja tu, ampeleke Mandawa yeye mwenyewe badala ya bodaboda. Kama ni kuagwa, aagwe huko huko, mbele ya mwenye kuumizwa.

Semeni aliingia ndani kuvaa. Alipotoka, aliichukua kofia ya pili, ya abiria, iliyoning'inia kwenye pikipiki, akaivaa mwenyewe.

Barabara ya Mandawa ilikuwa kavu, mchanga umejaa kwenye njia za magurudumu. Walipita kwenye mashamba ya ufuta uliokwishakatwa, miganda imesimamishwa kama watu wanaosubiri kuitwa majina. Harufu ya salfa ilikuwa hewani, maana ndio wakati wa kupulizia mikorosho. Hawakuongea. Pikipiki ilipoyumba kwenye mchanga, Semeni alimshika kiunoni kwa mazoea, kisha akakumbuka, akaulegeza mkono. Ikayumba tena. Safari hii hakuulegeza. Alijisemea kwamba ni kwa sababu ya mchanga, na alikuwa amechoka mno hata kubishana na nafsi yake.

Walimkuta mjomba Bwanali uani, amekaa kwenye gogo, ameifungua mashine yake ya kupulizia salfa na kuitandaza vipande vipande juu ya gunia. Alikuwa mwanamume mfupi, mwenye mgongo uliokwisha kuharibiwa na mashine ileile. Unga wa njano ulikuwa umemganda kwenye nyusi. Alimwitikia Semeni salamu. Harithi aliposema shikamoo mjomba, alipuliza tundu la bomba, akalitazama kwenye mwanga, akalipuliza tena.

Bi Kulthumu alitoka jikoni, akamkumbatia Semeni, akamtazama Harithi kuanzia vumbi la miguuni hadi la nywele.

"Huyu naye umemtoa shimoni?" aliuliza. "Mwambieni akae, asije akaniangukia hapa nikaambiwa nimemroga."

Hakuna aliyemwambia akae, kwa hiyo Harithi alibaki amesimama juani, kofia mkononi. Semeni alikaa kwenye mkeka kando ya mlango wa jiko, akatafuta pa kuanzia. Sentensi yake alikuwa ameibeba toka Ruangwa: barua itarudishwa, mambo yameishia hapo. Akaifungulia mdomo. Haikutoka.

Mjomba ndiye aliyeanza, na alianza na Harithi, bila kumtazama. Kiswahili chake kilikuwa cha taratibu, cha mtu anayekanyaga mawe ya kuvukia mto.

"Nasikia wewe ulikwenda kuuliza kwenye simu."

"Ndiyo, mjomba."

"Hiyo simu yako inanijua mimi?"

"Hapana."

"Inamjua dada yangu, mama yake huyu?"

"Haimjui, mjomba."

Mjomba akaweka kipande cha chuma juu ya gunia, akainua uso kwa mara ya kwanza.

"Na wewe je? Wewe unanijua?"

Semeni aliona uso wa Harithi ukijipanga. Aliujua uso ule, wa bwana shamba aliyesimama mbele ya mkutano, jibu liko njiani, limeshanyooshwa. Angesema anamjua mjomba kama mzazi, kama nguzo, kama mtu aliyejitolea. Angeyasema vizuri, na mjomba angerudi kwenye mashine yake, na habari ingeishia pale. Semeni alikaza vidole kwenye ukingo wa mkeka.

Lakini Harithi alikuwa amechoka. Kitu fulani usoni mwake kikaachia, kama kamba iliyovutwa siku nyingi.

"Sikujui, mjomba," alisema.

Kuku mmoja alikuwa akiparua nyuma ya ghala.

"Nilidhani nakujua, kwa kuwa nilikula kwako mara tatu nne. Sikujui. Sijui ulimlea vipi huyu. Sijui hata hapa nilipoingia nilitakiwa nisimame wapi."

"Hapo uliposimama ni pa kuanikia muhogo," Bi Kulthumu alisema kutoka jikoni. "Sogea kidogo."

Harithi akasogea. Mjomba hakucheka, ila nyusi zake za njano zilicheza kidogo. Akafuta mikono kwenye kitambaa, polepole, kidole baada ya kidole. Kisha akamgeukia Semeni na kuanza kusema kwa Kimwera, kwa wingi na kwa kasi, kama maji ya mfereji uliozibuliwa tope. Alipofika mahali akasimama, akamwashiria kwa kidevu. Mwambie.

Semeni alisogea ukingoni mwa mkeka. Hakuwa amejiandaa kuwa mkalimani wa jambo lake mwenyewe.

"Anasema hakukasirikia barua," alianza. "Anasema... tangu siku ile ya chai, alijua mtakuja. Alikuwa anawangoja. Kila Jumapili alikuwa anafagia uwanja yeye mwenyewe, mgongo wake ulivyo, ili mkitokea mkute pasafi."

Mjomba akaendelea. Semeni akasikiliza, akatafsiri.

"Anasema alinunua mkeka. Huu nilioukalia. Anasema aliwaambia wenzake wa ghalani kwamba wageni wa Semeni wako njiani, wasije wakamwita kwenye kikao siku za Jumapili. Na alikuwa amefunga jogoo. Yule mkubwa. Alimfunga kamba ili asiuzwe wala asichinjwe, awe wa wageni. Halafu Jumatano, mbele ya watu walewale, akaambiwa wageni wamekula kuku Lionja."

Akashindwa kuendelea. Alikuwa amekuja akidhani mjomba ameudhika kwa ajili ya mila, kwa ajili ya ukoo na haki yake. Kumbe alikuwa mtu aliyefagia uwanja, na hakuna aliyekuja.

"Na jogoo mwenyewe kaachiwa," Bi Kulthumu alisema, lakini kwa upole sasa. "Anazurura tu huko nyuma, anamaliza mahindi yangu."

Harithi alikuwa amechuchumaa bila kujua, kofia imewekwa chini vumbini. Macho yake mekundu yalikuwa yamelowa.

"Sikuelewa kitu kimoja," alimwambia Semeni. "Hapo pa Jumapili. Nirudie tena."

Akarudia, tangu mwanzo. Ufagio, mgongo, mkeka, jogoo. Alipomaliza, Harithi alimtazama mjomba, akamwomba radhi kwa maneno machache tu, yasiyopangika, yaliyokatikakatika, mabaya kabisa kwa mtu anayejua Kiswahili kama yeye. Semeni hakuwahi kumsikia akisema vizuri kuliko hapo.

Mjomba akamsikiliza. Akanyanyua bomba la mashine, akalifunga mahali pake, akakaza parafujo. Kisha akasema maneno mawili matatu kwa Kimwera.

"Anasema barua uliyoipeleka Lionja uifuate mwenyewe," Semeni akaeleza. "Usimtume mshenga. Umwambie baba yangu kwa adabu kwamba ulipotea njia. Naye ataalikwa kwa nafasi yake, ya baba. Lakini hatakaa mbele."

"Nitakwenda."

Mjomba alikuwa ameshageukia mashine yake. Bila kuinua kichwa akapaza sauti kumwambia mkewe jambo moja. Bi Kulthumu akajibu kwa mguno mrefu, akachukua kipande cha kamba ya katani kilichokuwa kikining'inia kwenye mlango wa jiko, akaenda nyuma ya ghala. Punde wakasikia mabawa yakipiga, na kelele za jogoo asiyetaka.

Harithi akasogea karibu na mkeka. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi walikuwa karibu kiasi cha Semeni kusikia pumzi yake, na harufu ya vumbi na moshi wa pilipili kwenye shati lake.

"Amemfunga tena?" alinong'ona. "Maana yake nini? Maana yake amekubali?"

Semeni alinyoosha mkono, akaiokota ile kofia kutoka vumbini. Akaigeuza, akaanza kuifuta kwa ncha ya kanga, polepole, kwa mikono iliyochoka.

"Sijui," alimwambia. "Muulize mwenyewe."

Harithi akamgeukia mjomba, akauliza.